MREJESHO: Janti za Datsun 240Z, Lubumbashi

Aksanti sana, bandugu. Niliuliza kama janti (rimu) za aluminiamu za 240Z hii, gari la michezo la Datsun, ni za asili. Hapana: nyuma yake kuna chapa 14×6J (kipenyo inchi 14, upana inchi 6), za kiwandani zilikuwa za chuma na nyembamba zaidi.

Kipimo cha tundu hadi tundu la mkabala, katikati kwa katikati, kimetoa milimita 114.3, sawa na Datsun, basi zinaingia. Shida ni ekru (nati)! Ni za Toyota, M12×1.5 (kipenyo milimita 12, nafasi kati ya nyuzi milimita 1.5), wakati bolti za Datsun ni M12×1.25. Zilikazwa kwa nguvu. Bolti 3 zimeliwa nyuzi. Ekru sahihi zimepatikana, bolti bado.

Sumaku ya kupima janti ni za metali gani haikusaidia: haitofautishi aluminiamu na magneziamu. Ila aliyesema tusome namba kwenye bloki ya injini, alilenga: ni injini ya L28, si L24 ya asili ya 240Z.