Mjadala: Seva ya chama chetu isasishwe na watu tusiowalipa?

Mhasibu wa Masaka

Ndugu zangu, naleta swali lililoigawa kamati yetu. Chama chetu cha akiba na mikopo hapa Masaka, Uganda, kina seva moja, iliyo katika chumba cha nyuma pamoja na betri na kabati la majalada, nayo inaendeshwa kwa Debian, distro (yaani mkusanyiko kamili wa programu) ya mfumo endeshi wa Linux, ambayo tangu mwaka 1993 hutunzwa na watu wa kujitolea walioko nchi nyingi. Fundi aliyetuwekea aliipanga ipokee masasisho ya usalama yenyewe kila siku, mnamo saa 12 alfajiri. Mwenyekiti wetu sasa anataka mpango huo uzimwe, kwani haoni ni vipi daftari la akiba za wanachama liguswe gizani na mtu tusiyemjua, tusiyemlipa na tusiye na mkataba naye. Fundi anashikilia kwamba kuuzima ni kulala na mlango wazi. Mngefanya nini?

Mfanyabiashara wa Kikuubo

Nnyabo (bibi), mwenyekiti wako ni mtu mwenye macho. Dukani kwangu nilikuwa na seva ya CentOS, distro nyingine ya Linux, ambayo nayo ilisifiwa hivyo hivyo kwamba ni ya jamii na ya bure, na tulitarajia ingetunzwa hadi mwaka 2029. Kumbe mwaka 2021, au ilikuwa 2022, tukaambiwa imekwisha, kila mtu ajitafutie pa kwenda. Sina ugomvi na wanaojitolea, lakini tuseme ukweli: aghalabu ni watu wasio na kazi, na siku wakipata kazi, wewe ndiwe unayebaki njiani na mzigo kichwani.

Fundi wa Wandegeya

Mimi ni mmoja wa hao wasio na kazi. Mchana nahudumia kompyuta za kliniki, na usiku, watoto wakishalala, najaribu vifurushi (programu zilizofungwa tayari kusakinishwa) vya toleo lijalo la Debian katika kompyuta kuukuu, kwa bando ninalolinunua mwenyewe na ambalo tangu Julai 2021 linatozwa ushuru wa asilimia 12. Ningependa ssebo (bwana) aniambie ni saa ngapi ya siku yangu ameniona nimekaa bure.

Kuhusu CentOS, amelikumbuka jeraha akamsahau aliyelitia. Tangu mwaka 2014 mradi huo ulikuwa chini ya kampuni ya programu ya Red Hat, na Red Hat yenyewe ilinunuliwa na kampuni ya IBM mwaka 2019. Tangazo la kufupisha maisha ya CentOS 8 lilitolewa tarehe 8 Desemba 2020, na mwisho wake ukawa tarehe 31 Desemba 2021. Waliomwacha njiani walikuwa na mishahara. Gregory Kurtzer, mmoja wa waasisi wa CentOS, ndiye aliyeanzisha Rocky Linux kuwa mbadala, kampuni ya CloudLinux ikaanzisha AlmaLinux, na zote mbili zilikuwa tayari kupakuliwa kabla ya nusu ya kwanza ya mwaka 2021 kwisha. Kwetu Buganda kazi ya kujitolea kwa ajili ya wote ina jina, nalo ni bulungi bwansi. Ngoma ya ggwanga mujje ikilia, mtu hutoka na jembe lake kwenda kusafisha kisima, wala haulizi atalipwa nini.

Mzee wa Arua

Kijana, sikutaka kuingia, lakini umenigusa hapo pa bulungi bwansi. Baba yangu alikwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Lugazi nami nikakulia huko, kwa hiyo usinisimulie mambo hayo kana kwamba ni hadithi ya sungura. Haikuwa hiari. Chifu aliijua kila kaya, na asiyetokea aliulizwa. Kisima kilikuwa safi kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya wema wa mioyo.

Sasa niambie chifu wa kisima chenu ni nani. Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa Debian aliondoa mistari michache katika OpenSSL, programu inayotengeneza funguo za siri za kulinda mawasiliano, kwa kuwa chombo cha ukaguzi kilikuwa kikiilalamikia, na hadi Mei 2008 funguo za siri zilizotengenezwa katika mashine hizo ziliweza kukisiwa, maana kwa kila aina na urefu wa ufunguo hazikuzidi 32,768. Karibu miaka 2 watu walifunga milango kwa funguo ambazo mwizi angeweza kuzijaribu zote kabla ya chai. Nani aliitwa barazani kujibu?

Mwanafunzi wa Gulu

Shikamoo Mzee. Chifu yupo: wanachama wa Debian humchagua kiongozi wao kwa kura kila mwaka. Hata hivyo, katiba yao inasema wazi kwamba hakuna anayelazimika kufanya kazi yoyote kwa ajili ya mradi, hivyo chifu huyo hana fimbo. Mahali pa fimbo wameweka foleni. Kifurushi kipya huingia kwanza katika tawi lisilo imara, hukaa humo siku kadhaa, na ikiwa hakuna aliyeripoti dosari kubwa husogea katika tawi la majaribio, ambalo baada ya miaka kama 2 hugandishwa na kuwa toleo imara. Toleo imara, ambalo bila shaka ndilo lililo Masaka, halifukuzii mapya. Kikosi cha usalama huchukua kiraka, yaani marekebisho ya dosari, peke yake na kukishonea kwenye programu ile ile ya zamani, ili tundu lizibwe bila mambo mengine kubadilika. Ndiyo maana mlango wa siri uliotiwa katika xz, programu ya kubana mafaili, mwaka 2024, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, uliishia katika matawi ya mwanzo.

Tena si sawa kusema kwamba daftari linaguswa na mtu asiyejulikana. Orodha ya vifurushi hutiwa saini ya kidijitali ambayo seva huihakiki kabla ya kusakinisha chochote, na mtunzaji, kabla ya kupokelewa, kwa kawaida ufunguo wake huthibitishwa na wenzake waliokutana naye ana kwa ana na kukagua kitambulisho chake.

Mfanyabiashara wa Kikuubo

Nilikuwa nimenyamaza, lakini xz ameileta mwanafunzi mwenyewe. Aliyeutia mlango ule alijitolea kwa zaidi ya miaka 2, akasaidia, akashukuriwa, akakabidhiwa funguo za nyumba, wala hakuna aliyemwona ana kwa ana wala kukagua kitambulisho chake. Na aliyeugundua ni nani? Ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliyeona kwamba kuingia kwa ssh, njia ya kuingia katika seva kutoka mbali, kunachelewa kwa nusu sekunde. Asiyelipwa alifungua, mwenye mshahara akafunga. Fundi asinune.

Fundi wa Wandegeya

Sinuni, ssebo, ila nakuhesabia. Freund aliweza kuifuata nusu sekunde ile hadi kwenye shina kwa sababu kila kitu kilikuwa wazi kwa yeyote mwenye subira. Kama mshahara ndio kinga, nieleze tarehe 19 Julai 2024, CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, iliposambaza faili moja lenye hitilafu likaangusha mashine za Windows zipatazo milioni 8.5. Hao wateja walikuwa wamelipa, mikataba ilikuwepo, na bado watu walilala sakafuni katika viwanja vya ndege.

Na mtunzaji wa xz, unayemhesabu miongoni mwa waliofungua mlango, alikuwa mtu mmoja. Mwaka 2022 aliandika hadharani kwamba amelemewa na kwamba kazi ile haina malipo, na waliomjibu walimsukuma ampishe mwingine. Ndipo huyo mwingine alipopishwa.

Mzee wa Arua

Basi umerudi nyumbani kwangu kwa njia ndefu. Kijiji kizima kinachota, anayefukua tope ni mmoja, naye akisema mgongo unamuuma anaambiwa ampe mgeni jembe. Hiyo si bulungi bwansi wala si kitu chochote ninachokijua. Mimi sikusema wanaojitolea ni wabaya. Nimeuliza ni nani anayepita nyumba kwa nyumba. Nasikia matoleo ya Debian yakishatimiza miaka 3 hutunzwa miaka 2 zaidi na watu wanaolipwa kwa michango ya makampuni, na hilo naliona ni jambo la heshima. Chama cha Masaka kinachota maji hayo kila siku. Mwenyekiti anayelalamika kwamba hana mkataba na mtu, amekwisha kutuma jembe gani?

Mama wa Tororo

Wazee na vijana, dada wa Masaka aliuliza jambo la seva. Mimi nasimamia mashine ya kituo kidogo cha afya. Januari 2021 intaneti ilipozimwa nchini kote wakati wa uchaguzi, kuanzia tarehe 13 jioni hadi tarehe 18, hakuna kiraka kilichotufikia, na iliporudi seva ikavuta masasisho yote kwa mpigo mmoja alfajiri, umeme ukakatika katikati ya usakinishaji na betri ikafuata. Niliikuta ikiwa nusu hii nusu ile, na siku nzima nilikuwa nikimalizia vifurushi kimoja kimoja huku wagonjwa wakiandikwa katika daftari la karatasi.

Kwa hiyo kwangu mimi tatizo halikuwa aliyekitengeneza kiraka bali saa kilipoingia. Betri yetu saa 12 alfajiri huwa imetumika usiku kucha. Siku hizi viraka vya usalama huingia vyenyewe, lakini huingia wakati mtu yuko ofisini na betri imejaa, na nakala ya kumbukumbu imetengenezwa jana yake. Mwenyekiti akizima kabisa, atakuwa amemwogopa mgeni wa mbali akamsahau mwizi wa karibu, kwa sababu kiraka kikishatangazwa, tundu nalo limetangazwa.

Mhasibu wa Masaka

Nawashukuru nyote. Mwenyekiti ameusoma mjadala huu mwanzo hadi mwisho, na hoja yake sasa si seva tena. Anasema Mzee wa Arua hawezi kuwafundisha Baganda bulungi bwansi, ingawa suala la mchango ameliweka katika ajenda ya mkutano ujao, na anasema Fundi naye amekosea ngoma: ggwanga mujje ni ngoma ya hatari, ilhali ya kuwaita watu kazini ni saagala agalamidde, yaani sitaki mtu aliyejilaza. Kamati imetumia saa nzima katika hilo. Mimi ningependa kujua tu kama naweza kuhamisha masasisho kutoka saa 12 alfajiri hadi saa 4 asubuhi, na kama seva itajizima mbele ya wateja.

Fundi wa Wandegeya

Unaweza, dada. Badilisha saa katika kipima muda kiitwacho apt-daily-upgrade. Seva haitajiwasha upya isipokuwa wewe mwenyewe umeiruhusu. Huduma zilizoguswa ndizo zitakazosimama kidogo na kurudi, na kiini cha mfumo (kernel) kikisasishwa utaiwasha upya jioni mkishafunga. Kuhusu ngoma, mwambie mwenyekiti kwamba kwa kazi ya kila siku nakubali nimekosea, lakini tundu la usalama ni hatari, na kwa hatari ngoma ni ile ile niliyoitaja.