Peugeot 404 ya mwaka 1967: nianze na bodi au injini?

Mkulima_Nyeri
Wanajukwaa, naomba ushauri. Nimerithi Peugeot 404 saluni iliyokaa miaka mingi chini ya banda la kahawa. Injini imekwama na sakafu upande wa dereva imeliwa na kutu, ingawa taa, vioo na viti vyote vipo. Nakusudia kuifufua polepole, kama burudani ya mwisho wa juma, wala sina nia ya kuiuza. Mafundi wawili wa hapa mjini wananihimiza niing'oe injini yake na kuweka ya Toyota, kwa kuwa spea zake zinapatikana kila duka. Je, niwasikilize? Na kazi ianzie wapi?

Fundi Mstaafu
Ndugu Mkulima, anza na bati. 404 haina chesi (fremu ya chuma ya chini) ya kujitegemea kama Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito wote, kwa hiyo kutu iliyoingia kwenye vizingiti vya chini ya milango ni jambo zito kuliko injini iliyokwama. Chukua bisibisi, uchokoe vizingiti, sakafu na sehemu za kuwekea jeki. Panapotoboka, bati lote bovu likatwe hadi lifikiwe lililo zima. Kabla ya kukata, chomelea vyuma vya kushikiza katika nafasi za milango, kwani bodi ikilegea katikati milango haitafunga tena sawasawa. Fundi atakayekuambia kwamba puti (ile lipu ya kuzibia bati) itatosha, mshukuru kwa heshima, umlipe nauli, utafute mwingine.

Kuhusu injini ya Toyota, ugumu haupo kwenye kuifunga tu. Shafti ya 404 inapita ndani ya bomba lililounganisha giaboksi na difu (gia za ekseli ya nyuma), hivyo ukibadilisha injini pamoja na giaboksi yake utalazimika kubadilisha ekseli ya nyuma pia, na mwishowe litabaki ganda la 404 tu.

Binti wa Safari Rally
Naunga mkono. Gari hili lilishinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva wa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell. Itakuwa hasara kuitupa injini ya ukoo huo, tena ya gari la mwaka 1967! Ikiwa spea zitakusumbua, tafuta injini ya 504 ya sentimita za ujazo 1,796, ambayo ni ya familia ile ile na kipenyo cha silinda zake ni kile kile cha milimita 84.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni mafuta ya difu. Difu ya 404 ina parafujo ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi, na baadhi ya mafuta ya kisasa ya difu yana viambato vya salfa vinavyoshambulia madini hayo. Usikubali mafuta yoyote kabla ya kusoma kama yanafaa kwa shaba.

Mkulima_Nyeri
Nashukuru sana, basi Toyota nimeiacha. Sasa, injini iliyokwama naifungua vipi bila kuiharibu?

Fundi Mstaafu
Usiivute kwa gari jingine wala kuilazimisha kwa stata. Toa plagi, mimina dizeli iliyochanganywa na mafuta ya giaboksi ya otomatiki katika kila silinda, uiache siku kadhaa ukiongeza kila inapokauka, kisha ujaribu kuizungusha kwa mkono, mbele na nyuma, kidogo kidogo. Ikikataa, fungua hedi (kifuniko cha juu cha silinda). Injini hii ina slivu (mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka) zinazotoka, zilizozungukwa na maji ya rejeta, kwa hiyo zikiwa zimeliwa utabadilisha slivu na pistoni bila kuchonga bloku. Hakikisha tu kwamba anayezirudisha anapima kimo cha kila slivu juu ya uso wa bloku, kwa sababu zikitofautiana gaskiti ya hedi haitadumu.