VUMBI LA TREKTA?? Huyu DJ ametuona sisi mazuzu!

mtoto_wa_mwenyekiti

Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira mpaka kidole kinateleza kwenye kioo cha simu.

Kuna DJ mmoja wa muvi za kutafsiri. Simtaji, mnamjua. Yule anayekohoa kabla ya kila ngumi, anayewapa hai washikaji zake wa stendi wakati watu kwenye muvi wanazikana. Huyo huyo.

Sasa bwana mkubwa kaamua kutafsiri Love Tractor. Kwa wasioijua, ni BL (yaani tamthilia ya wavulana wanaopendana) ya Kikorea ya 2023, vipande vinane vifupi vifupi. Kijana anasomea sheria Seoul, maisha ya mjini yamemchosha, anakimbilia nyumba ya babu yake kijijini. Huko anakutana na kijana mkulima mwenye trekta lake. Wanapendana. Basi. Hakuna jambazi, hakuna bomu, hakuna mtu anayerukia helikopta. Kitu cha kutafsiri hapo ni MAPENZI TU.

Mimi nilishaiangalia kitambo kwa maandishi ya Kiingereza, nikaipenda kufa. Jana nikaikuta kibandani imetafsiriwa, nikasema ngoja niwapelekee wenzangu wa geto, maana wale ukiwaambia wasome maandishi chini ya kioo wanaona umewarudisha darasani. Nikaisifia njia nzima. Nikanunua karanga. Nikazima taa mwenyewe.

Sauti ya kwanza kabisa: "Kijana Seon-yul anaingia kijijini kumsaka KAKA YAKE waliyepotezana utotoni."

Kaka yake. Nikanyamaza. Nikajipa moyo, labda jamaa anaficha mambo, mbele atafunguka. Kipande cha pili yule kaka kawa binamu. Mbele kidogo Ye-chan, yule mkulima, anamtazama mwenzake, ule utazamaji ambao hata mbuzi aliyefungwa kamba angeuelewa, DJ anasema "hapa anamdai hela ya mbolea."

Likafika busu. Wakuu, busu. Nyuso zinasogeleana taratibu, muziki umeshuka, geto zima tumeacha kutafuna. Na huyu mtu, kwa sauti ileile ya kutangaza msiba, anasema:

"Jamaa kaingiwa na vumbi la trekta jichoni, ndugu yake anampuliza."

ANAMPULIZA!!!

Jicho liko wapi na mdomo uko wapi? Tangu lini jicho likawa chini ya pua? Na ni vumbi gani hilo la kupulizwa mpaka muziki unaisha? Hilo ni vumbi au kifusi?

Geto lote chini. Mmoja kapaliwa na karanga tukampiga mgongoni. Leo asubuhi natoka kuoga, nakuta watu wamepanga foleni mlangoni, kila mmoja kashika jicho, eti niwapulize.

Kama hutaki kutafsiri wavulana wanaopendana, acha! Muvi za kivita zimejaa, nenda kakohoe huko. Ila usichukue hela yangu ukanipa ndugu wawili wenye matatizo ya macho.

Na hamjasikia mwisho. Busu la pili likaja. Unajua kasemaje? "LILE JICHO BADO HALIJAPONA."

Nimemaliza. Sijamaliza, ila nimemaliza.

Kunguru_Mweusi

Pole sana mkuu. Sogea tukupulize.

bibi_harusi_mtarajiwa

Nimecheka humu kwenye daladala mpaka konda kanirudishia chenji bila kumdai. Lile jicho bado halijapona 😭😭😭

Mzee wa Kitonga

Yaani mtu mzima unazima taa na karanga mkononi kuangalia wavulana wa Kikorea wanalima. DJ kakusitiri wewe. Mshukuru.

mtoto_wa_mwenyekiti

Mzee, kufungua uzi ni hiari, hakuna aliyekuvuta shati. Nijibu moja tu: jicho liko chini ya pua?

Mzee wa Kitonga

Inategemea na ajali.

dada_wa_kdrama

Mtoa mada una bahati. DJ huyohuyo kafanya na To My Star msimu wa pili, ule wa 2022. Pale mpishi kamkimbia mwigizaji maarufu bila kuaga, kajificha kijijini, mwenzake anamfuata huko huko moyo umepasuka. Kilio mwanzo mwisho. DJ kasema jamaa anafuata SIMU yake iliyoibwa. Msimu mzima mtu anadai simu! Wanakumbatiana kwenye mvua, yeye anasema "anampapasa mifukoni."

bibi_harusi_mtarajiwa

Anampapasa mifukoni 🤣 jamani niacheni nishuke kituo.

Kunguru_Mweusi

Kwa hiyo simu ilipatikana au haikupatikana? Msitufiche mwisho.

nipo_incheon

Niko huku Korea kikazi. Mnamuonea DJ. Uongo mkubwa kuliko wote uko kwenye muvi yenyewe: KIJANA mkulima! Huku zaidi ya nusu ya watu wa kaya za wakulima wana miaka 65 na kuendelea. Vijana wote wamekimbilia Seoul. Mwaka jana nilikwenda kijijini kusaidia kuvuna pilipili, nikitegemea mambo ya kwenye muvi. Nikapokelewa na bibi kavaa suruali ya maua na kofia yenye kitambaa cha kufunika shingo. Anachuma mikono miwili kwa pamoja, haangalii, anaongea na jirani tuta la tatu. Mimi gunia moja mgongo umegoma. Akanipa bakuli la pombe ya mchele, akanionyesha kwa kichwa nirudi kazini. Jioni tunaanika pilipili pembezoni mwa barabara, nyekundu mpaka kona, magari yanapita yanazikwepa.

Trekta nililiona. Kijana wa kupendana naye juu ya trekta sikumuona.

dada_wa_kdrama

Hiyo ndiyo raha yake sasa. Kama vijana wangekuwa wamejaa huko, Seon-yul angeshtuka nini kumuona mmoja?

mtoto_wa_mwenyekiti

Asante dada, umenena. Na turudi kwenye jicho.

Kunguru_Mweusi

Jicho gani tena, mbona hulionei huruma.

mama_wawili_26

Nyie mna shida ndogo. Kijana wa kibandani kwetu nimempa flashi aniwekee ile ya Kituruki, kaifuta YOTE kwanza "ili ienee". Mlikuwa na picha za send-off ya mdogo wangu. Na ya Kituruki yenyewe kaniwekea kuanzia kipande cha arobaini. Watu wanalia msibani, sijui nani kafa.

Mzee wa Kitonga

Afadhali wewe. Mimi niliuziwa muvi mpya kabisa, kumbe mtu kaenda nayo kuirekodi ukumbini kwa simu. Anainuka mtu anakwenda chooni anapita katikati ya muvi, anarudi na soda. Nikawa namfuatilia yule badala ya muvi.

mama_wawili_26

Sasa send-off yangu inarudishwaje? Kuna mtu anajua programu ya kurudisha picha? Usiweke kitu kipya kwenye flashi, nimeambiwa.

Kunguru_Mweusi

Kweli, usiiguse kabisa. Ukiandika juu yake ndiyo basi. Peleka kwa fundi kompyuta, si kwa huyo wa kibandani tena.

mkulima_halisi

Samahani wakuu, nimeingia humu kwa sababu ya neno trekta. Hilo la kwenye muvi lina nguvu za farasi ngapi?

dada_wa_kdrama

Kaka, tulikuwa tunaangalia Ye-chan.

mkulima_halisi

Nauliza kwa sababu huku Mbarali kikundi chetu kina pawatila, katrekta kale ka kuongoza kwa mikono, tangu enzi za ule mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza, 2009 hiyo. Imelala chini ya mwembe, kuku wanatagia kwenye kiti. Mkanda ulikatika, fundi akafunga wa mashine ya kusaga, ikatembea mpaka mtaroni ikazima.

nipo_incheon

Ukubwa wa mkanda umeandikwa kwenye mkanda wenyewe. Kama maandishi yamefutika, pima upana wa juu na urefu wa kuzunguka. Wa mashine ya kusaga unaweza kuwa mrefu, unateleza kwenye puli.

mkulima_halisi

Ndicho kilichotokea, ulinuka moshi. Ubarikiwe sana.

mtoto_wa_mwenyekiti

Jamani uzi huu ni wa DJ!! Kachukua hela yetu, kasema vumbi la trekta!

Mzee wa Kitonga

Mkuu kaa pembeni kidogo, watu wanaongea kilimo.

mkulima_halisi

Natuma picha ya mkanda jioni, huku shambani mtandao unasumbua. Na mwenye kujua bei ya mbolea ya kukuzia pale Makambako wiki hii aseme, hapa kwetu duka moja tu na mwenyewe kafunga kaenda harusini.