Mgombea apewe nafasi ya salamu kanisani? Mjadala wa wana Nyanda za Juu Kusini

Mtoa mada, Uyole:

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Naleta jambo ambalo kila mwaka wa uchaguzi tunalinong'ona nje ya kanisa baada ya ibada, halafu linaishia hapohapo.

Mnaijua hali yenyewe. Ibada iko katikati, magari mawili matatu yanaingia uwanjani, wazee wa kanisa wanatoka mbio kupokea. Mwongoza ibada anatangaza kwamba tuna mgeni na tumempa nafasi ya salamu. Mheshimiwa anasimama, "Bwana Yesu asifiwe," anasema hakuja kisiasa, anataja mabati na mifuko ya saruji. Mchungaji anamwita mbele, anamwekea mikono, anatamka kwamba huyu ameinuliwa kwa ajili ya taifa. Watu wanasema amina. Kwenye mikutano ya injili nako bendera ya taifa siku hizi inapungwa jukwaani wakati wa maombi, na ukikaa kimya unaonekana huna uzalendo na huna wokovu, vyote kwa mkupuo.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Mkristo agombee, awe diwani, awe mbunge, awe rais akipenda. Mimbari isitolewe. Kanisa likishamtangaza mtu kuwa chaguo la Mungu, siku akiiba litamkemea kwa mdomo upi?

Na kwa kuwa wengi wetu mtindo huu tunaunyonya kwenye simu kutoka kwa wahubiri wa Marekani, tuwaangalie wenyewe. Maneno "chini ya Mungu" yaliingizwa kwenye kiapo chao cha bendera mwaka 1954, na kumtumaini Mungu kukawa kaulimbiu ya taifa mwaka 1956. Hiyo ilikuwa enzi ya kushindana na Wakomunisti, si enzi ya waasisi wao. Mwaka 1979 mhubiri Jerry Falwell akaanzisha Moral Majority, kundi la siasa la Wakristo wahafidhina, na uchaguzi wa 1980 kundi lake likasimama na Ronald Reagan. Anayeshindana naye alikuwa Jimmy Carter, Mbaptisti aliyefundisha shule ya Jumapili miaka na miaka! Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kilichotafutwa ni mcha Mungu. Mwaka 2016 karibu wainjilisti wazungu 8 katika kila 10 walimpigia Donald Trump. Juni 2020 akanyanyua Biblia mbele ya kanisa la St. John's, jirani na Ikulu yao, muda mfupi baada ya waandamanaji kufurushwa eneo hilo. Tarehe 6 Januari 2021 waliovamia bunge walikuwemo wenye misalaba na bendera zenye jina la Yesu. Mwaka 2024 Trump akaipigia debe Biblia iliyounganishwa na katiba ya nchi ndani ya jalada moja, bei karibu dola 60.

Karibuni. Matusi hapana.

Mzee wa kanisa, Mafinga:

Kamwene, mtoa mada. Umeandika vizuri lakini umeegemea upande mmoja.

Paulo anamwagiza Timotheo kwamba dua zifanyike kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka. Nitamwombeaje mtu aliyekaa mbele yangu bila kumwita mbele? Wimbo wetu wa taifa wenyewe ni sala, na sauti yake ilitungwa na mwalimu Mkristo wa Afrika Kusini, Enoch Sontonga, mwaka 1897. Mwalimu Nyerere alikuwa mtu wa misa, na Kanisa Katoliki limefungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Hakuna aliyesema imani yake iliharibu nchi.

Halafu kuna hili ambalo ninyi wasomi mnalikwepa. Mwaka 2018 maaskofu wa Kilutheri, KKKT, walitoa waraka wa Pasaka ukigusa siasa moja kwa moja. Agosti 2023 Baraza la Maaskofu Katoliki likatoa tamko kupinga mkataba wa bandari na Dubai, likasomwa makanisani. Mkashangilia. Sisi walokole tukimwombea mheshimiwa ndiyo tunachanganya dini na siasa? Hiyo ni dharau ya makanisa makubwa kwa makanisa yanayokodi madarasa. Na wengine mnasahau kwamba Assemblies of God ya nchi hii ilianzia hapa kwetu, Igale, mkoani Mbeya, mwishoni mwa miaka ya 1930. Sisi si wageni wa juzi.

Mtoa mada, Uyole:

Mzee, shikamoo. Hoja ya waraka ni nzito na sitaizunguka. Waraka wa 2018 ulielekezwa kwa wenye madaraka, umesainiwa, haukumtaja mgombea, na hakuna bati lililopokelewa. Ulichovuna ni barua kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani ikiwataka maaskofu waufute, barua ambayo waziri baadaye aliikana baada ya kelele. Weka pembeni ya Jumapili ile ya salamu. Kule kanisa linaingia gharama, huku linalipwa.

Kumwombea sikatai. Mwombee kwa jina la cheo chake, akiwepo au asipokuwepo, na mpinzani wake mwombee Jumapili hiyohiyo. Kanisa la Mafinga likifanya hivyo nitapanda basi nije nisali nanyi.

Mchangiaji, Tunduma:

Mnazungumzia Marekani wakati jibu liko hapa hatua chache, upande wa pili wa geti la mpaka, Zambia.

Tarehe 29 Desemba 1991 Frederick Chiluba, mlokole, miezi miwili tu baada ya kuingia madarakani, alitangaza Zambia kuwa taifa la Kikristo. Alitangaza mwenyewe, hakuna kura wala bunge. Mwaka 1996 ikaingizwa kwenye utangulizi wa katiba. Wachungaji wengi walilia kwa furaha. Ilipofika 2001 taifa la Kikristo likawa na rais anayetaka muhula wa tatu ambao katiba hairuhusu. Sasa sikilizeni vizuri: waliomzuia ni pamoja na makanisa! Wakatoliki, baraza la Kiprotestanti na umoja wa wainjilisti walikaa na chama cha wanasheria na vikundi vya wanawake, wakaunda Oasis Forum, watu wakavaa utepe na kupiga honi za magari mpaka jamaa akaachia. Mwaka 2007 mahakama ya London ikaamua katika kesi ya madai kwamba alihusika na ubadhirifu wa mamilioni ya dola za umma, ingawa kesi ya jinai kwao Lusaka aliachiwa 2009.

Halikuishia hapo. Edgar Lungu akaweka tarehe 18 Oktoba kuwa siku ya taifa ya maombi na kufunga, na mwaka 2016 akaunda wizara nzima ya mambo ya dini. Hakainde Hichilema alipoingia 2021 akaifuta wizara hiyo. Hichilema naye ni Msabato, si mpagani.

Mimi navuka mpaka wa Nakonde kila wiki na mizigo. Tangazo la 1991 sijawahi kuliona likifanya kazi kwenye dirisha la forodha, upande wao wala upande wetu.

Muuza mchele, Mwanjelwa:

Mimi ni Muislamu, na mchele wangu wa Kyela wananunua walokole kuliko watu wa msikitini kwetu, kwa hiyo sina ugomvi na mtu. Nauliza tu. Mhubiri akisema kwa spika uwanja mzima usikie kwamba Tanzania ni ya Yesu na viongozi wake ni wa Yesu, mimi ninayelipa ushuru wa soko nakaa wapi? Katiba ibara ya 3 inasema nchi hii haina dini. Ibara ya 20 haitaki chama cha siasa chenye lengo la kukuza dini fulani. Na msijione peke yenu. Futari za wakubwa na Baraza la Idi tunazijua, nasi tunapanga viti vya mbele kwa mgeni rasmi. Ugonjwa ni mmoja.

Mzee wa kanisa, Mafinga:

Ndugu yangu wa Mwanjelwa, nimekusoma na nimekuelewa. Hilo la spika nitalifikisha kwa wenzangu.

Kijana, Ludewa:

Mbona mnamruka wa kwetu? Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila. Kanisa alikuwa nalo, chama alikuwa nacho, Biblia mkononi. Alifungwa, akashtakiwa, akarudi tena mahakamani. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha ilikubaliana naye kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki. Mtoa mada, kwa kanuni yako huyu angebaki anahubiri ubatizo tu na sisi tungekosa kesi hiyo. Alichanganya dini, uzalendo na siasa, na wenye nchi walimwogopa kuliko wanavyowaogopa maaskofu.

Mtoa mada, Uyole:

Ludewa umenibana, na napenda hivyo.

Mtikila nampa heshima yake ya mahakamani. Kesi ile hakuishinda kwa mimbari, aliishinda kwa hoja za sheria ambazo Muislamu, Mkristo na asiye na dini wote wanazitumia. Lakini kumbuka na upande mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwenye mikutano yake uzalendo ulikuwa na maana ya wazawa dhidi ya Watanzania wenye asili ya Asia, waliopewa jina la kejeli ambalo sitaliandika hapa, na wenye maduka walipigwa mawe. Mtu akiwa na kola ya uchungaji anaposema nani ni mwenye nchi na nani si mwenye nchi, msikilizaji hasikii maoni ya mwanasiasa. Anasikia hukumu ya mbinguni. Hapo ndipo hofu yangu ilipo, hata anayesema akiwa mpinzani wa serikali na maskini mwenzangu.

Na tuje karibu zaidi. Josephat Gwajima alikuwa askofu wa kanisa la Ufufuo na Uzima na papo hapo mbunge wa Kawe kwa tiketi ya chama tawala tangu 2020. Alipokemea utekaji wa watu, Juni 2025 kanisa lake likafutiwa usajili. Waumini ambao hawakuwahi kuomba ubunge wakakuta milango imefungwa.

Mchangiaji, Tunduma:

Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Aliyefunga kanisa ndiye wa kulaumiwa, si aliyekemea. Ukianza kusema "angenyamaza kanisa lingekuwa wazi," umeshawapa watawala rungu. Ibara ya 19 inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi.

Mtoa mada, Uyole:

Sijasema angenyamaza. Kukemea alifanya sawa. Nasema kofia mbili kichwani mwa mtu mmoja ziliwapa kisingizio. Tubaki tumetofautiana hapo.

Mwalimu mstaafu, Njombe:

Wanangu, nawasoma tangu juzi.

Sisi Walutheri wa huku ni watoto wa Misheni ya Berlin, iliyofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, mwaka uleule Wamoravian walipoanza Rungwe. Walikuja na Injili, lakini walikuja ndani ya dola ya Kaisari, na mwenyeji hakuweza kuona wapi misheni inaishia na boma linaanzia. Ndiyo maana wakati wa Majimaji, mwaka 1905, misheni ya Yakobi karibu na hapa Njombe ilishambuliwa. Wapiganaji hawakuwa na ugomvi na Yohana 3:16. Vita Kuu ilipokuja, Mwingereza akawakamata wamisionari wa Kijerumani kwa kuwa walikuwa Wajerumani, Waskoti wa misheni ya Livingstonia wakaja kushika pengo. Mwaka 1940 hivi wakaondolewa tena. Mara zote mbili ibada haikukoma. Iliendeshwa na walimu na wazee Wabena, Wahehe, Wakinga, Wanyakyusa, watu ambao hawakuwa na bendera yoyote ya kupeperusha.

Na kule Ujerumani kwenyewe, Hitler alipoingia 1933, kulikuwa na Wakristo waliotaka kanisa la taifa linaloimba uzalendo wa Kijerumani. Waliopinga wakakutana mji wa Barmen, Mei 1934, wakaandika kwamba kanisa halina bwana mwingine pamoja na Kristo. Tamko hilo wanafunzi wa theolojia wanalisoma mpaka leo. Wenye bendera hawakuwa wachache, na wachungaji wazuri walikuwemo.

Ninyi mnaopenda Marekani: mwaka 1801 ni Wabaptisti wa Danbury, Connecticut, waliomwandikia Rais Jefferson kulalamika, kwa sababu jimbo lao lilikuwa na kanisa lake rasmi la kulipiwa kodi nao walikuwa wachache. Jibu la Jefferson la 1802 ndilo lenye maneno ya ukuta kati ya kanisa na dola. Wabaptisti wa Tukuyu na Mbeya waulizwe kama wanafundishwa hilo.

Soma Amosi 7. Kuhani wa Betheli anamfukuza nabii kwa sababu moja tu: hapa ni patakatifu pa mfalme.

Mweka hazina wa kanisa, Makambako:

Mwalimu shikamoo. Historia nimeielewa, sasa mniambie la paa. Tumejenga ukuta miaka mitano kwa sadaka za wakulima wa viazi na mahindi. Mwaka bei ikiwa chini sadaka hazifiki hata pesa ya fundi. Mheshimiwa anakuja na bando za bati, tunamaliza kwa mwezi mmoja. Nikimwambia hapana, mvua za Desemba zitatukuta wapi? Ninyi mnaoandika mna paa.

Mtoa mada, Uyole:

Swali la haki. Pendekezo langu: pokeeni, lakini kama sadaka ya muumini yeyote. Bahasha kwa mhazini, stakabadhi inaandikwa, hakuna kipaza sauti, hakuna kuwekewa mikono siku hiyo, na kuanzia siku kampeni zinapofunguliwa hadi matokeo hakuna mgeni rasmi mwenye fomu ya kugombea. Nafasi ya salamu iwe ya wagonjwa na waliofiwa.

Mweka hazina wa kanisa, Makambako:

Bila kipaza sauti hataleta bando zote. Ataleta mbili.

Mtoa mada, Uyole:

Inawezekana. Basi hizo mbili ndizo sadaka yake.

Mzee wa kanisa, Mafinga:

Kikao cha wazee kwetu ni Jumamosi ijayo. Hiyo ya bahasha nitaipeleka kama ajenda. Ya bendera siipeleki, kwa sababu bendera nampa kila anayelipenda taifa hili na sioni dhambi yake. Lakini mtoa mada, andika hicho kifungu vizuri, mistari mitatu, unitumie kabla ya Ijumaa. Wenzangu hawasomi maneno marefu.