Ushauri: Luger ya 1940 aliyoacha babu, niing'arishe au niiache ilivyo?

Mjukuu40 (mleta uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Babu mzaa mama alikuwa askari wa Marekani, akarudi kutoka Ujerumani mwaka 1945 na bastola aina ya Luger P08. Sasa imefika mikononi mwangu, pamoja na mkoba wake wa ngozi na magazini (vibebeo vya risasi) mbili. Juu imechongwa "42", na juu ya chemba (pale risasi inapokaa) "1940". Ina madoa ya kutu karibu na mdomo wa mtutu, na weusi wa chuma umefifia kwenye kingo. Kuna fundi anasema ataipaka weusi upya iwe kama imetoka kiwandani leo. Nimkubalie? Na nitajuaje kama kweli ndiyo aliyorudi nayo babu?

Chuma_Cheusi
Usimpe! Ule weusi uliofifia kwenye kingo ndio ushahidi wa mkoba na mkono. Fundi hawezi kupaka upya bila kusugua kwanza, na akisugua, herufi zinapoteza makali na mihuri midogo ya tai inakuwa kama imeyeyuka. Mkusanyaji anaiona kasoro hiyo hata kwenye picha.

Kabla ya yote, hakikisha haina risasi. Toa magazini, vuta kiungo cha juu (kile kinachokunjika kama goti) hadi mwisho, tazama ndani ya chemba kwa macho, kisha ingiza kidole. Neno "GELADEN" (Kijerumani, "ina risasi") kwenye kivuta-ganda, kipande kinachochomoa ganda la risasi, huonekana kunapokuwa na risasi, lakini kipande hicho kikivunjika hutaonywa na kitu. Na wengi hawajui kwamba sehemu ya juu ya Luger, hata ikishatolewa kwenye fremu, inaweza kufyatua ukibonyeza kile kipande kirefu cha ubavuni. Ndiyo maana chemba hukaguliwa kabla ya kufungua chochote.

Kutu: tone la oili nyepesi, liache usiku kucha, kisha kwangua taratibu kwa ukingo wa shaba. Shaba ni laini kuliko chuma, haitachora. Usiguse msasa wala brashi ya waya ya mashine. Lengo ni kuzuia kutu isiendelee. Alama itakayobaki, iache.

Namba_Hazidanganyi
"42" ni kiwanda cha Mauser, na kwa 1940 inaendana. Sasa tafuta namba. Namba kamili na herufi yake ipo mbele ya fremu, ubavuni mwa sehemu ya juu, na chini ya mtutu. Tarakimu mbili za mwisho hurudiwa kwenye vipande vidogo: kifyatulio, bamba la ubavuni, viungo vya juu, sefti (kizuizi cha usalama), kivuta-ganda. Geuza magazini: zikiwa asili yake, namba ya bastola iko chini ya kitako, na ile ya akiba ina alama ya +. Seti nzima ikilingana, una kitu adimu.

Angalia na rangi. Hadi 1937 Mauser waliacha vipande vidogo na rangi ya manjano kama majani makavu. Baada ya hapo vikawa vyeusi. Ya 1940 yenye kifyatulio cha manjano imeguswa na mtu.

Simulizi ya babu ina maadui wawili. Wa kwanza ni jina la mwagizaji lililochongwa kwenye mtutu au fremu. Sheria ya Marekani ya 1968 ndiyo inayolazimisha alama hiyo, kwa hiyo ukiiona, bastola iliingia nchini kibiashara, haikuja ndani ya begi la askari. Wa pili ni alama ya X na weusi mzito uliofunika hata mikwaruzo: hizo mara nyingi ni zilizotekwa na Wasovieti, wakazitengeneza upya na kuchanganya vipande.

Mjukuu40
Namba zote zinalingana isipokuwa magazini moja. Jina la mwagizaji halipo, X haipo. Basi nimeshinda?

Karatasi_Kwanza
Bado, mkuu. Hapo umejua tu kwamba simulizi inawezekana. Tafuta cheti cha kuruhusiwa kubeba nyara, kilichosainiwa na ofisa wa babu. Kikiwa na namba ya bastola, kazi imekwisha. Kikisema "bastola moja" tu, ni msaada nusu. Pekua bahasha za barua na nyuma ya picha. Wazee waliomsikia babu akisimulia, waandike maelezo yao sasa, wataje namba, watie saini na tarehe. Nyuma ya picha tumia penseli, wino wa kalamu hupenya.

Ngozi_na_Uzi
Mkoba nao usiupake mafuta. Ngozi italainika na kupanuka, nyuzi zitaoza. Futa kwa kitambaa kikavu. Ule ukijani kwenye shaba utoe kwa kijiti cha mbao. Tazama mgongoni kuna muhuri wa mtengenezaji na mwaka, na chini ya kifuniko kuna mfuko wa kifaa cha kufungulia. Bastola isilale ndani ya mkoba: ngozi hushika unyevu na ina asidi, ndiyo iliyoleta hayo madoa yako mdomoni. Weka kila kimoja peke yake, unyevu wa hewa kati ya asilimia 40 na 50.

RangeKilaJumapili
Mimi ningeipiga risasi chache tu. Bastola ni ya kupigwa.

Namba_Hazidanganyi
Kivuta-ganda cha miaka zaidi ya 80 kikikatika, utanunua kingine chenye namba ya bastola nyingine, na ulinganifu umekwenda. Mwenye hamu ya kupiga anunue ambayo tayari imechanganywa vipande.

Chuma_Cheusi
Ukiifungua kusafisha, usibinue vishikio vya mbao kwa bisibisi. Kile cha kushoto humeguka kona pale kwenye sefti, ndiyo sababu vingi vina pengo. Ukirudisha sehemu ya juu, vuta kiungo: kikipanda kilegevu bila kusukumwa na springi, ndoana ya nyuma haijashika. Fungua uanze tena, usilazimishe.

Na kama jina lililo kwenye makaratasi bado ni la marehemu, uliza kwanza sheria ya jimbo lako kabla hujaihamisha. Majimbo hayafanani.