Naomba ushauri: dereva wangu kafunga waya wa kuficha namba ya pikipiki

Wakuu habari zenu. Nipo Tanga, nina bodaboda nimempa kijana wa jirani kwa mkataba. Hesabu analeta bila kusumbuana. Juzi kaja kulipa, nikainama kukagua tairi la nyuma, nikakuta pleti namba imefungwa bawaba na waya wa breki ya baiskeli umepitishwa chini ya siti hadi kwenye usukani. Nikauvuta. Pleti ikajikunja juu, namba haisomeki hata herufi moja. Nikaachia, ikarudi mahali pake. Fundi aliyeitengeneza ana akili kweli, ila kaitumia vibaya.

Namuuliza, anacheka: "Mzee, kijiweni kwetu Ngamiani mbona wengi wanayo, tunakwepa faini tu." Ni kweli siku hizi deni la trafiki linaandikwa kwenye namba ya chombo na mtu yeyote anaweza kuliangalia mtandaoni. Lakini faini hainiumizi kichwa. Kadi ina jina langu! Akigonga mtoto akakimbia, au abiria wake akakwapua pochi ya mama wa watu, huyo aliyeumizwa atashika nini?

Mkataba umefika katikati, na mama yake ni shoga wa mke wangu, kumnyang'anya itakuwa vita. Nianze kwa mwenyekiti wa kijiwe? Na wanaojua sheria, nikiongeza kipengele kwenye mkataba sasa hivi kitanilinda mimi mwenye chombo, au nimechelewa?