Stika zenye sura za watu: tuombe ruhusa au tuendelee kucheka?

Mleta mada: Agosti 8, 2017, siku ya uchaguzi Kenya, mpiga kura alipigwa picha kwenye foleni akila githeri (mahindi na maharage) kwenye mfuko wa plastiki. Watu wakaikata sura yake pichani, wakaibandika pembeni ya picha za marais. Kabla mwaka haujaisha akatunukiwa nishani ya taifa, na tangu hapo kila mtengeneza stika anamtaja yeye kama ushahidi kuwa hakuna anayeumia. Nabisha: sura ya mtu asiye maarufu isiguswe bila ridhaa yake.

Fundi Stika: Ridhaa nimwombe nani, mkuu? Stika ya WhatsApp ni faili ya WebP, pikseli 512 kwa 512, isiyosogea isizidi KB 100. Unakata mandhari yote, kinabaki kichwa. Tarehe na mahali vilivyokuwa ndani ya picha vilishafutika ilipopita WhatsApp mara ya kwanza.

Bi Mchunguzi: Tatizo unaanza na stika. Google Lens, ile ya kutafuta kwa picha, ukiipa kichwa kilichokatwa itakuletea watu wanaofanana naye. Tafuta picha nzima, yenye ukuta, bango au sare, iweke TinEye, tovuti inayoonyesha picha imetokea wapi mtandaoni, panga matokeo kuanzia ya zamani. Ila hiyo "ya zamani" ni siku TinEye ilipoiona, si siku ilipopigwa. Ukimkosa mwenye sura wa kumwomba ridhaa, chora katuni.

Mleta mada: Na ikishatoka hairudi. Kile kikomo cha kusambaza ujumbe kwa mazungumzo 5, kilichowekwa 2019, kinabana video. Stika mtu anaihifadhi kwenye vipendwa, kesho anaituma upya kama yake, hata mara mia. Ukifuta ujumbe wako kwa wote, nakala aliyohifadhi inabaki kwenye simu yake.

Msoma Sheria: Tutenganishe mambo. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi. Kenya ina sheria ya kuzilinda ya 2019, Tanzania ya 2022. Lakini ile ya Kenya imeacha nje shughuli binafsi na za nyumbani, na inataka ridhaa kwenye matumizi ya kibiashara. Kwa hiyo duka linalotangaza viatu kwa sura ya mtu lina kesi. Shangazi anayetuma stika kwenye kundi la familia, sidhani.

Fundi Stika: Umemaliza, ndugu.

Bi Mchunguzi: Hajamaliza. Kundi la ukoo lenye watu 200, nusu hawajuani, nalo ni nyumbani?